Fundi Usiyemwita: Namna ya Kujikinga na Walaghai Wanaogonga Geti

Mvua za masika zikikaribia, mageti ya Tabata, Kimara, Mbagala na Goba, jijini Dar es Salaam, huanza kugongwa na watu waliobeba ngazi. Mmoja ameona bati lako limeinuka. Mwingine ana bomba la dawa mgongoni, anasema nyumba ya jirani ina kunguni na muda si mrefu watahamia kwako. Wa tatu amekuja na gari la kunyonya majitaka. Anasema walikuwa nyumba ya pili, wakaona wakupunguzie bei kwa kuwa gari liko hapa hapa. Wengi wa watu hawa wanatafuta riziki kwa jasho lao na kazi wanaijua. Wapo wachache waliokuja kukupiga. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kumtambua huyo mchache bila kumdhulumu mwenzake aliye mkweli.

Sharti kubwa kuliko yote ni hili: fundi ambaye hukumwita asianze kazi siku hiyo hiyo. Hata kama bei ni ya kutupa, hata kama wingu limefunga, hata kama amekuamkia vizuri na kukuita mama mzazi. Ulaghai wa mlangoni unategemea uamue sasa hivi, ulipe kabla ya kazi, na pasiwepo mtu wa kumuuliza. Ukikataa kuamua siku hiyo, unapata usiku mzima wa kuuliza jirani, kupiga simu kwa fundi mwingine na kukagua mwenyewe. Mlaghai hawezi kukupa usiku huo, kwa sababu ndio unaomwaibisha.

Maneno ya kusema getini ni machache: “Asante kaka, leo hatufanyi kazi. Niachie jina na namba, tukishauriana nitakupigia.” Fundi mkweli ataacha namba aendelee na safari yake. Yule mwingine ataanza kukusukuma: bei hii ni ya leo tu, vijana wangu wako tayari, nipe basi hata kishika uchumba nikuwekee nafasi. Usibishane naye. Rudia maneno yale yale, funga geti. Wala usimweleze kwamba baba amesafiri au kwamba uko peke yako na watoto. Mwache aamini kuna watu ndani.

Waliobaki nyumbani nao wafundishwe, hasa dada wa kazi. Kuna mbinu ya zamani ambayo bado inafanya kazi: mtu anafika, anasema bosi amemtuma aje kurekebisha bomba la maji au kuchukua televisheni ikatengenezwe. Dada akisita, anapiga simu na kumpa: “Ongea na bosi wako.” Upande wa pili kuna mwenzake. Mwambie dada wazi kwamba simu ya kuthibitisha anaipiga yeye, kwa simu yake, kwenye namba yako anayoijua, na kwamba hutamgombeza hata siku moja kwa kumzuia mtu getini. Dada anayeogopa kugombezwa ndiye anayefungua.

Paa: asipande peke yake

Ulaghai wa paa una faida kwa mlaghai kwa sababu mwenye nyumba haoni kinachotendeka juu. Anapanda “kuangalia tu, bure”. Dakika kumi baadaye anashuka na kipande cha mbao kilichooza na msumari wenye kutu, anakutajia bei ya kubadilisha kenchi nzima. Mbao ile huenda alipanda nayo kwenye mfuko wake. Mbaya zaidi, wapo wanaong'oa misumari miwili mitatu wakiwa juu ili mvua ikinyesha uamini maneno yao.

Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kupanda, kagua mwenyewe kutoka ndani. Ingia darini mchana wa jua kali, kupitia ule mlango mdogo wa dari, uzime taa na tochi, ukae kidogo mpaka macho yazoee giza. Tundu lolote kwenye bati litaonekana kama nukta ya mwanga. Angalia pia mbao chini ya kila nukta: maji yanayovuja kwa muda mrefu huacha alama nyeusi na mkondo unaoshuka. Kama mbao ni kavu na haina alama, huyo anayesema kenchi imeoza akuonyeshe ilipo. Piga picha za kila upande. Picha hizo zitakuwa shahidi wako atakaposhuka na kipande chake.

Ujue pia kwamba bati halivuji ovyo. Sehemu kubwa ya uvujaji iko kwenye matundu ya misumari, kwenye maungio ya bati na bati, na chini ya kofia ya paa. Mpira wa msumari hukauka na kupasuka kwa jua. Msumari uliopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongo hukaa kwenye njia ya maji, na siku moja utavuja tu. Matatizo haya mengi humalizwa kwa kubadilisha misumari, kubana mipira mipya na kupaka silikoni, kazi ya nusu siku. Mtu anayeruka moja kwa moja kwenye kuezua paa zima bila kukuambia ni msumari upi au ungio lipi linavuja, hajakagua.

Ukikubali apande, apande na mtu wako, au achukue video mfululizo tangu anapokanyaga ngazi mpaka kwenye tatizo, bila kukata. Fundi wa kweli hatachukia. Na kama kazi ni ya kubadilisha mabati, kubaliana kwamba kwa siku moja hashushi mabati mengi kuliko atakayorudisha kabla ya jioni, na turubai liwe chini tayari. Mtego mchungu kuliko yote ni huu: nusu ya paa iko wazi, mawingu yamejaa, na fundi anakwambia fedha haitoshi, ongeza. Hapo hujadiliani tena, unatekwa.

Kwenye bati lenyewe, kumbuka hesabu ya geji huenda kinyume: namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni nzito kuliko geji 30, na 30 ni nzito kuliko 32. Mtu aliyekutajia bei ya 28 akakuletea 30 ameweka tofauti mfukoni, na kwa macho tu hutajua, hasa kwa bati za rangi. Soma maandishi yaliyochapishwa kwenye bati, ulinganishe na risiti, utafute na alama ya ubora ya Shirika la Viwango, TBS.

Dawa ya mende, kunguni na mchwa

Hapa hatari si fedha peke yake, ni maisha. Mpuliziaji anayefika na bomba lililokwisha kujaa huenda amebeba maji yenye harufu ya mafuta ya taa. Huenda pia amebeba kitu ambacho hakipaswi kuingia chumba cha kulala. Ukimruhusu, aje na bomba tupu na chupa ambayo haijafunguliwa, achanganye mbele yako. Soma lebo: jina la dawa, kiambato chake, wadudu wanaokusudiwa, kipimo cha kuchanganya, tarehe ya kwisha muda na namba ya usajili. Viuatilifu Tanzania Bara husajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao makuu Arusha, na wanaofanya biashara ya kufukiza na kupuliza nao hutakiwa kuwa na kibali chake. Omba kukiona.

Kisha piga hesabu. Tuseme lebo inaagiza mililita 50 kwa lita 10 za maji, na chupa ni ya mililita 100. Chupa hiyo inatosha lita 20, basi. Mtu akipuliza mabomba manne ya lita 16 kwa chupa moja ya namna hiyo, amekupulizia maji, na mende watarudi wiki ijayo wakiwa wazima. Atarudi naye, kwa bei mpya.

Jambo la kukataa kabisa ni vidonge vya kuhifadhia nafaka kutumika ndani ya nyumba kuulia kunguni. Vidonge hivyo, vyenye aluminiamu fosfaidi, vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo haizuiliwi na mlango wa chumba, hupenya kwenye nyufa mpaka kwa mpangaji wa upande wa pili, na haina dawa ya kuipinga mwilini. Imeua familia zikiwa usingizini katika nchi nyingi. Mtu akikuambia “nitaweka kidonge kimoja tu, mlale sebuleni”, mtoe nje ya ua wako, na wapangaji wenzako uwaambie.

Gari la majitaka

Udanganyifu wa majitaka uko kwenye neno tripu. Anakutajia bei ya tripu moja, halafu shimo “limegoma”, zinakuwa tatu. Dawa yake ni fimbo ndefu na hesabu ya darasa la tano. Shimo lenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5, majitaka yakiwa na kina cha mita 2, lina mita za ujazo 6, yaani lita 6,000. Muulize dereva tangi lake linabeba lita ngapi. Kama ni lita 10,000, shimo hilo linaisha kwa tripu moja na tangi halijajaa. Tumbukiza fimbo kabla hajaanza, weka alama. Itumbukize tena akimaliza. Wakati mwingine wanamwaga maji kulainisha tope lililoganda chini, na hilo ni la lazima kwa shimo la siku nyingi, lakini maji hayo yasihesabiwe juu yako. Bora mkubaliane bei ya shimo, si ya tripu.

Andika namba ya gari. Muulize anakwenda kumwaga wapi. Magari halali ya Dar es Salaam humwaga kwenye mabwawa ya majitaka ya mamlaka ya maji, kama yale ya Vingunguti. Anayekupa bei nusu ya wenzake mara nyingi anaokoa mafuta kwa kumwaga mtaroni usiku, na mtaro huo ndio watoto wa mtaa wa bondeni wanaocheza kando yake. Na yule anayekushauri achimbe shimo pembeni mwa choo chako ahamishie huko, au asubiri mvua akitapishe, anakutafutia kipindupindu na kesi na bwana afya. Mkatalie hata kama ni rafiki.

Vishoka wa umeme na maji

Sitakaa sana hapa, kwa sababu sheria yake ni fupi. Mtu akifika akasema ni wa TANESCO au wa mamlaka ya maji, mita yako imechezewa, lipa sasa nisikukatie, muombe kitambulisho cha kazi, piga picha, kisha upige simu huduma kwa wateja kwa namba unayoijua wewe, si anayokupa. Malipo ya mashirika haya hufanyika kwa kumbukumbu namba, hayapokelewi mkononi getini. Akikubali fedha taslimu, ni kishoka, au ni mtumishi anayekuibia. Yote mawili yanaripotiwa. Usimruhusu afungue mita “akusaidie uniti zisiishe haraka”. Mita ikikutwa imechezewa, anayeulizwa ni mwenye nyumba. Fundi wa kuweka nyaya ndani ya nyumba naye lazima awe na leseni ya ufungaji umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Fedha, vifaa na karatasi

Sasa tuseme umelala, umeuliza, umeridhika, unataka kumpa kazi. Tenganisha fedha ya vifaa na fedha ya ufundi, na ile ya vifaa usimkabidhi. Akuandikie orodha, uende dukani mwenyewe au umtume mtu wako, duka ulilochagua wewe. Mafundi wengi wana maduka wanayopewa cha juu, na wewe ndiye unayelipa hicho cha juu. Dai risiti ya EFD yenye jina lako. Vifaa vikifika vihesabu mbele ya mlinzi au jirani: mifuko ya saruji mingapi, ndoo za rangi ngapi na kama kizibo hakijafunguliwa. Ndoo ya lita 20 yenye jina la kampuni inayosifika huweza kujazwa upya rangi hafifu, na kizibo ndicho kinachosema ukweli.

Ufundi ulipwe kwa hatua zinazoonekana kwa macho. Akimaliza hatua, unakagua, unalipa. Posho ya kula ya siku ni jambo la kibinadamu, mpe, lakini iandikwe na ikatwe kwenye jumla. Bakiza sehemu ya maana, angalau robo ya ufundi, mpaka kazi ijaribiwe: paa mpaka mvua moja kubwa ipite, bomba mpaka likae na presha usiku kucha, pevingi mpaka gari lipite na maji yasituame. Lipa kwa simu. Jina litakalotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilingane na la kitambulisho chake. Likiwa jina la mtu mwingine, simama uulize.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo. Tabu inakuja pale unapotakiwa kuyathibitisha. Karatasi moja ya daftari inatosha, kwa maneno kama haya:

“Mimi …, mwenye namba ya NIDA … na simu …, nimekubali kubadilisha mabati 24 ya geji 28 nyumbani kwa …, mtaa wa …. Vifaa vinanunuliwa na mwenye nyumba. Ufundi ni shilingi … na hautaongezeka bila maandishi mapya. Malipo ya kwanza ni baada ya upande mmoja kukamilika, ya pili baada ya upande wa pili, na ya mwisho baada ya mvua ya kwanza kubwa. Nitaanza tarehe … na kumaliza tarehe …. Mabati ya zamani ni mali ya mwenye nyumba. Pakivuja ndani ya miezi sita kwa sababu ya ufundi wangu, nitarekebisha bila malipo.”

Wote mweke sahihi, na mashahidi wawili, mmoja akiwa mjumbe au mtu wa ofisi ya serikali ya mtaa ikiwezekana. Piga picha karatasi na kitambulisho. Sentensi ya mabati ya zamani usiiache. Mabati na mbao zinazotolewa zinauzika, na ndizo huondoka jioni ya kwanza. Kazi ikiwa kubwa, ya kujenga au kuvunja ukuta, tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kwa kazi ndogo, cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni dalili nzuri, ingawa kutokuwa nacho hakumfanyi mtu mlaghai. Mafundi hodari wengi wamejifunzia mtaani, na VETA yenyewe ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti. Kipimo bora ni kazi mbili alizofanya karibu, ambazo unaweza kwenda kuziona na kuongea na mwenye nyumba bila yeye kuwepo.

Ukishaumizwa

Kama mambo yameharibika kazi ikiendelea, simamisha kazi na usimamishe malipo. Waite jirani na mwenyekiti wa mtaa waje waone hali ilivyo, piga picha, andika kilichobaki. Fundi na vijana wake wakianza vitisho, rudi ndani, funga mlango, piga 112, namba ya dharura ya polisi. Na ninakusihi jambo moja kwa moyo wote: usimpigie mtu kelele za mwizi. Mtaani kwetu kelele hizo huleta mawe na matairi, na hakuna paa lenye thamani ya roho ya mtu, wala hutaweza kuirudisha utakapogundua ulikuwa ugomvi wa malipo.

Fedha ikishaondoka, kusanya ushahidi kabla ya hasira: ujumbe wa simu, taarifa ya miamala, karatasi, picha, majina ya walioshuhudia. Anza ofisi ya serikali ya mtaa. Mafundi wengi hulipa au kurudi kumaliza kazi wakiitwa pale, kwa sababu mtaa ndio soko lao. Ukienda polisi, eleza uongo wenyewe. Kazi mbovu peke yake utaambiwa ni madai. Lakini mtu aliyejifanya mtumishi wa shirika, aliyekuonyesha mbao isiyo ya paa lako, au aliyechukua fedha ya vifaa ambavyo hakuwa na nia ya kununua, anaingia kwenye kujipatia fedha kwa udanganyifu, ambalo ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Dai upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kwa kazi mbovu na fedha isiyorudishwa, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya namna hii kwa Kiswahili, na huhitaji wakili kufungua shauri.

Usinyamaze kwa aibu. Walaghai hawa huhama mtaa kwa mtaa, na kundi la WhatsApp la mtaa wako linaweza kuwatangulia. Andika kilichotokea, namba ya gari na maneno waliyotumia. Picha za sura na tuhuma za wizi waachie polisi.

Wanaolengwa zaidi ni wazee wanaoishi peke yao kwenye nyumba walizojenga wakiwa kazini, ambao watoto wao wako Mwanza, Muscat au London na hutuma fedha kila mwezi. Mzee amelelewa kumkaribisha mgeni na kumsikiliza mpaka mwisho, na heshima hiyo ndiyo inayotumiwa dhidi yake. Mpigie mama au baba leo. Mwambie fundi yeyote akija ajibiwe, “Mwanangu ndiye anayeshughulika na nyumba, acha namba atakupigia.” Kisha namba hiyo ikifika kwako, ipigie kweli.